Daftari la msiba na daftari la mtaa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wawili, nimepanga Igoma hapa Mwanza. Mwezi uliopita jirani yetu alifiwa. Kabla jua halijazama tulikuwa tumeshachanga laki sita na ushee, turubai limefungwa, kuni zimeshushwa. Wiki iliyofuata mwenyekiti akaitisha mkutano wa mtaa kuzungumzia matundu ya vyoo vya shule, tukahesabika ishirini na kitu. Shangazi yangu aliyeolewa Kisumu anasema kwao siasa ni kabila, kila mtu anajua "mtu wetu" ni nani na wanamdai. Sisi Watanzania, hasa Wasukuma, tumezoea kusema ndiyo mzee. Ni kweli huo ndio utamaduni wetu? Na kama hatugawanyiki kwa kabila, mbona bado hatuko pamoja na serikali yetu?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Poleni na msiba. Umeuliza mengi kwa pumzi moja, na la mwisho ndilo lenye nyama. Nitalifikia, ila nitapitia njia ya vumbi.

Nianze na daftari. Hukulitaja, lakini najua lilikuwepo. Msiba wa Mwanza hauendi bila daftari, lile la shule la kawaida, kalamu imefungwa kwa uzi isipotee. Analishika mtu mmoja pembeni mwa turubai, mara nyingi kijana aliyemaliza kidato cha nne au mama anayeaminika kwenye kikoba. Ukitoa elfu mbili, linaandikwa jina lako na elfu mbili yako. Jioni, kabla watu hawajatawanyika, anasimama na kusoma: fulani elfu tano, fulani elfu mbili, mama fulani debe la mahindi, vijana wa bodaboda kijiweni elfu thelathini. Halafu matumizi: jeneza, gari, mchele, sukari, majani ya chai. Kilichobaki anakabidhiwa mfiwa mbele ya macho ya wote. Aliyetoa jero naye anasomwa, na hakuna anayecheka.

Sasa mkutano wenu wa vyoo. Naweza kubashiri ulivyokwenda, maana kabla sijaanza kufundisha nilikuwa afisa maendeleo ya jamii miaka kumi na mmoja, na mikutano hiyo nimeila kama ugali. Ulitangazwa saa tatu, ukaanza saa tano. Ajenda zilikuwa saba. Mtendaji akasema kila kaya itoe elfu tano. Mzee mmoja akauliza zile elfu tatu za uzio wa mwaka juzi ziliishia wapi, akaambiwa asubiri mengineyo. Mengineyo hayakufikiwa, jua lilikuwa kali.

Mwaka 1975 msomi wa Nigeria, Peter Ekeh, aliandika makala ambayo mpaka leo tunaisomesha. Alisema Mwafrika aliyetoka ukoloni haishi katika umma mmoja bali miwili. Upo umma wa ukoo, kijiji na kabila, ambako kutoa ni wajibu na kuiba ni aibu itakayowafuata hata wajukuu. Na upo umma wa serikali, tuliourithi kwa mkoloni, ambako mtu anaona ana haki ya kuchuma wala hadaiwi kupanda. Mtu yuleyule anakuwa mweka hazina mwaminifu wa chama cha watu wa kwao waishio mjini, Jumatatu anarudi ofisini na kuchota. Ekeh hakumwita mnafiki. Alisema anatii maadili mawili, kila moja mahali pake.

Mimi Ekeh namkubali nusu. Kwenye turubai lenu la Igoma, naapa, walikuwepo Wasukuma, Wajita, Wahaya, Wakurya, labda na Muha aliyehamia juzi ambaye hata jina la marehemu alilijulia pale. Huo si ukoo. Kilichowafanya watoe si damu. Ni kwamba fedha ilionekana ikiingia na ikitoka, na kila mmoja alijua iko siku zamu itakuwa yake. Damu huwezi kuiongeza kwenye mkutano wa mtaa, lakini daftari unaweza. Hilo liweke pembeni, tutalirudia.

Sasa shangazi. Habuni, ila ushahidi uliopo una utamu wake. Mwaka 2004 mchumi wa Marekani, Edward Miguel, alichapisha utafiti uliolinganisha wilaya mbili za ukanda huu wetu: Busia ya Kenya, karibu kabisa na ziwa, na Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa Shinyanga na sasa iko Simiyu. Wilaya zote mbili ni za wakulima, zote zina mchanganyiko wa makabila, na zilitawaliwa na Mwingereza yuleyule. Aliangalia jambo dogo tu: wazazi wanachangia shule kiasi gani. Kule Busia, maeneo yenye mchanganyiko mkubwa wa makabila yalichangia kidogo na shule zao zilikuwa hoi kuliko za maeneo yenye kabila moja. Meatu tofauti hiyo haikuonekana. Wanyaturu, Wasukuma na wengine walikaa kwenye kamati moja na madawati yakapatikana.

Maelezo yake ni ya siasa, hayahusu tabia za kuzaliwa. Upande wetu Kiswahili kilifundishwa kama lugha ya nchi nzima, mamlaka ya machifu yalifutwa kwa sheria mwaka 1963, vijiji vikapewa mabaraza ya kuchaguliwa, na walimu na watumishi wakapangiwa kazi mbali na kwao mpaka Mchaga akaoa Ukerewe. Kenya ilichukua njia nyingine, na ardhi iliyoporwa na walowezi iliacha ugomvi ambao sisi hatukuwa nao kwa kiwango kile. Lakini mwambie shangazi pia kwamba tangu 2013 Kenya ina kaunti 47, na mtu wa Kisumu sasa anamdai gavana ambaye ni wa hukohuko. Kuwa "mtu wetu" hakujamaliza foleni ya hospitali.

Usidhani najisifia bure. Baada ya Rais Magufuli kufariki mwaka 2021 tulilisikia jina la "Sukuma Gang", yaani watu wa kanda yetu waliodaiwa kuwa karibu naye, likirushwa mitandaoni na kwenye meza za wakubwa. Kabila halijafa Tanzania. Ila lilikuwa neno la ugomvi wa juu, wa kugombea nafasi. Sijaona tundu la choo lililokwama Igoma kwa sababu hiyo.

Tatizo ni kwamba kisu kilichokata kabila kilikata na vingine. Na hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu ile "ndiyo mzee" mnayotupiwa Wasukuma naiona imesomwa kinyume.

Kabla ya ukoloni ntemi, yaani chifu, wa Usukuma hakuwa mfalme wa kuogopwa peke yake. Walikuwepo wazee wa ikulu, banang'oma, waliomchagua, na mvua ikigoma ntemi alikuwa na kesi ya kujibu, wapo walioondolewa. Mwingereza alimkuta huyo, akampa mshahara, akampa kodi ya kukusanya na sheria za kusimamia. Kuanzia hapo ntemi akawajibika kwa bwana shauri wa wilaya, na mvua haikuwa tena kesi yake. Mahmood Mamdani wa Uganda ameeleza vizuri jinsi ukoloni ulivyogawa watu: mjini kuna raia mwenye haki, shamba kuna mtawaliwa mwenye chifu. Mwaka 1947 ukaanza mpango wa maendeleo wa Usukuma. Lima kwa matuta, weka samadi, punguza ng'ombe, usipotii faini. Baadhi ya ushauri wenyewe wala haukuwa mbaya, udongo ulikuwa unachoka kweli. Lakini ulikuja kama amri, na watu waliuchukia kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1950 mkoloni alizitupa mwenyewe sheria hizo.

Na hao ndio watu wa "ndiyo mzee"? TANU, chama kilichodai uhuru, ilipigwa marufuku huku Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958. Mwaka huo wa 1958 serikali ilipotaka kuwalazimishia watu wa Geita baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi, walikataa, na maelfu wakaja Mwanza kulalamika hadi wakatawanywa kwa mabomu ya machozi. Katikati ya marufuku hayo, wakulima wa pamba walikuwa wameshajenga kitu chao. Kilianza na ugomvi wa mizani. Mkulima alikuwa anashuka na pamba yake, mnunuzi anapima, mkulima haoni mshale unasoma nini. Vyama vya wakulima vikaweka wapimaji wao wasimame penye mizani. Kutokana na hapo ukaja Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, VFCU, mwaka 1955, chini ya Paul Bomani, na ukawa moja ya vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Mizani inayoonekana, dada yangu, ni ndugu wa daftari linalosomwa.

Halafu? Bomani akaenda kuwa waziri. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ikaingia ndani ya ushirika, VFCU ikageuka Nyanza. Mwaka 1972 halmashauri za wilaya zikafutwa. Mwaka 1974 watu wakahamishiwa vijijini, wengine kwa kubebwa, matofali yakibaki nyuma. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika navyo vikafutwa. Ushirika ulirudishwa kwa sheria ya 1982, na halmashauri zikarudi miaka hiyohiyo, lakini jaribu kurudisha imani kwa tangazo la Gazeti la Serikali.

Tazama kilichotokea katikati ya pengo hilo. Wezi wa ng'ombe walikuwa wametawala, polisi hawafiki, mahakama inamwachia mwizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanavijiji wa upande wa Kahama na Nzega wakaunda sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi, na kwa muda mfupi Usukuma wote ulikuwa nao: mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kila mwanamume anatoka na upinde, na anayekaidi anatengwa, hapewi moto wala maji. Walikuwa na ntemi wao na katibu wao. Sitawapamba, palikuwa na vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi miaka hiyo, na sungusungu wa baadhi ya mahali walikuwa na mkono. Mwalimu Nyerere aliona wametokea chini, akawaunga mkono, na mwaka 1989 sheria ikawatambua kama sehemu ya mgambo. Mzee mmoja wa Misungwi aliniambia, tukiwa tumekaa chini ya mwembe wake, "Walipotupatia vitambulisho ndipo vijana walipoacha kutoka usiku."

Mtu aliyeona hayo mara tatu, kwa pamba, kwa kijiji, kwa ulinzi, anajifunza. Anajifunza kwamba chochote mnachojenga kikisimama kitachukuliwa juu. Kwa hiyo anasema ndiyo mzee ili kikao kiishe, anarudi nyumbani anafanya lake. Goran Hyden, msomi wa Sweden aliyefundisha Dar es Salaam, aliwaelezea wakulima wa aina hiyo mwaka 1980: serikali haiwashiki kwa sababu wana ardhi na ndugu, wanaweza kuikwepa. Tofauti ni kwamba wewe umepanga Igoma, na luku yako huwezi kuikwepa.

Na mjini hata hiyo ndiyo mzee haisemwi sana. Mwaka 2010 majimbo ya jiji la Mwanza, Nyamagana na Ilemela, yote yalikwenda upinzani, mwaka 2015 yote yakarudi CCM. Watu wanaogeuza majimbo mawili kisha kuyageuza tena miaka mitano baadaye hawajalala.

Sasa utamaduni wa siasa. Neno hilo liliingia vitabuni kwa nguvu mwaka 1963, Wamarekani wawili, Almond na Verba, walipolinganisha nchi tano: Marekani, Uingereza, Ujerumani Magharibi, Italia na Mexico. Waligawa watu katika aina tatu: asiyeiona serikali kabisa, anayeiona na kupokea tu, na anayeiona na kutia mkono. Uzuri wa mgao huo ni kwamba mtu unaweza kujitazama ndani yake. Ubaya ni kwamba inaonekana kana kwamba utamaduni umeshuka na maziwa ya mama, wakati huyo mpokeaji mara nyingi amefundishwa kupokea.

Sikiliza tunavyosema. "Rais ametuletea daraja", lile la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria. "Mheshimiwa ametoa fedha." Mwaka 2021 serikali ilichukua mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na kujenga madarasa 15,000. Kazi nzuri, watoto wamekaa chini ya paa. Lakini fedha hiyo na nyingine za baadaye mtaani tukaziita pochi la mama, yaani Rais Samia. Ni mkopo, utalipwa kwa kodi ya sukari unayonunua, lakini tumeutungia pochi na mwenye pochi. Ukishaiita hivyo, adabu inakutaka ushukuru. Huwezi kumuuliza mama mbele ya wageni chenji iko wapi. Hii ya kuiona serikali kama mzazi ni nusu heshima ya Kiswahili, ambayo naipenda, na nusu mazoea ya miaka ya chama kimoja. Watafiti wa Afrobarometer walipofanya uchunguzi wao wa kwanza hapa mwaka 2001 walikuta Watanzania wanaiamini serikali kwa kiwango kilichowashangaza wenyewe, wakabaki wanajiuliza kama hawa ni wananchi wasiohoji au ni wavumilivu tu.

Nadhani jibu liko kwenye fedha iliyopita mkononi. Hadi 2003 kulikuwa na kodi ya maendeleo, ambayo wazee waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Ilikuwa karaha. Mgambo walisimama njiani, huna stakabadhi unakamatwa, wanaume wazima walilala porini msimu wa ukaguzi. Ilipofutwa watu walishangilia, na mimi nilishangilia. Lakini uzi pekee uliomfunga mwanakijiji na halmashauri yake, hata kama ulikuwa uzi wa ugomvi, ulikatika. Leo halmashauri nyingi zinaishi kwa fedha za kutoka juu, kwa hiyo macho ya mkurugenzi yako Dodoma.

Mahali kodi inapokatwa mbele ya macho, Mtanzania anafoka. Kumbuka tozo za miamala Julai 2021: ulituma elfu kumi ukaona makato kwenye simu yako palepale. Nchi nzima ilipiga kelele, na kabla mwaka haujaisha serikali ikapunguza kwa asilimia 30. Kumbuka vitambulisho vya wajasiriamali vilivyoanza Desemba 2018, elfu ishirini kwa mwaka. Mama wa ndizi pale Makoroboi hakukiona kama kodi, alikiona kama mkataba: nimelipia, nikae. Mwaka 2021 machinga walipohamishwa kutoka katikati ya miji, niliowasikia wakilia zaidi hawakulia eneo, walilia ile kadi. "Si tulilipa?" Hiyo "si tulilipa" ndiyo mbegu ya uraia.

Sasa la mwisho, lile lenye nyama. Kama si kabila, ni nini kinachowagawa Igoma? Angalia waliokuja kwenye mkutano wa vyoo. Bila kuwaona: wengi wenye nyumba, wengi wazee, wanawake wamekaa nyuma, wapangaji wawili watatu. Mpangaji anasema mimi mpita njia, mwakani niko Buhongwa. Mwenye nyumba anasema wapangaji ni wa kuja. Sheria haisemi hivyo. Ukiwa mkazi na umefika miaka 18, mkutano ni wako, uwe na hati au una chumba kimoja na pazia. Na hapa kuna kituko kimoja. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme. Nyumba ina mita moja na wapangaji sita, anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo ndiye anayekatwa. Yaani wewe, dada yangu, huenda ndiye unayelipa kodi ya nyumba ya mtu anayekuita mpita njia.

Jambo jingine ambalo hata wenyeviti wengi hawaliweki wazi. Kijiji kisheria ni serikali: kina halmashauri yake, kinaweza kumiliki mali na kutunga sheria ndogo, na mkutano mkuu unatakiwa kila miezi mitatu. Mtaa wa mjini haupo hivyo. Una mwenyekiti wa kuchaguliwa na kamati ndogo, lakini hauna mkoba wake wa fedha. Ni mkono wa halmashauri ya jiji. Watu wanaoishi mbali na mkoba wana haki ya kuuliza tunakutana kufanya nini. Ongezea kwamba tangu Januari 2016 elimumsingi ni bila malipo, kwa hiyo mzazi akisikia mchango wa choo anasema si tuliambiwa bure? Hakosei kuuliza.

Nikuonyeshe mgawanyiko huo mahali pengine ambapo ni wazi zaidi. Mwaka 2018 serikali iliendesha Operesheni Sangara kupambana na uvuvi haramu ziwani. Nyavu haramu, makokoro na timba, zilichomwa. Samaki walikuwa wanaisha kweli, simtetei mwenye kokoro. Muda mfupi baadaye nilikwenda kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanaposhushia samaki, upande wa Sengerema. Nilichagua siku za mbalamwezi, maana wavuvi wa dagaa wanafanya kazi kwenye giza, na mwezi ukiwaka wote wako nchi kavu. Mchangani palikuwa na doa jeusi la duara, nailoni imeyeyuka ikashikana na kokoto. Watoto walikuwa wanaibandua vipande vya kuchezea.

Tajiri, yaani mwenye mitumbwi, aliniambia habari za wizara, za leseni, za mbunge. Alikuwa na namba zao kwenye simu. Mvuvi wake, anayegawana naye baada ya kutoa mafuta na chakula, aliniambia serikali ni boti, ukiisikia unazima taa. Mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, aliyechaguliwa na wavuvi hao hao kulinda ziwa, alisema, "Nikikamata mimi ni msaliti, nisipokamata mimi ni mwizi," na akaomba tuhame tukaongelee nyuma ya choo. Wanawake wanaoanika dagaa hawakuwa na neno la serikali kabisa, isipokuwa ushuru wa gunia, na hawakuwa wamewahi kuulizwa. Kabila lao lilikuwa moja, mwalo wao mmoja, tena wanasali kigango kimoja, lakini serikali walizokuwa nazo zilikuwa nne. Ukitaka kujua mtu anaionaje serikali, jina la ukoo wake halitakusaidia sana. Muulize mara ya mwisho walikutana wapi, na nani alikuwa ameshika nini mkononi.

Utaniuliza sasa nifanyeje. Kwenye mkutano ujao usianze na vyoo. Nenda na wapangaji wenzako wawili au watatu mkae mbele, na kabla ajenda ya michango haijafunguliwa omba kwa heshima zote, "Mheshimiwa mwenyekiti, tunaomba yasomwe kwanza mapato na matumizi ya mchango uliopita." Omba yawe ajenda ya kwanza, yasisubiri mengineyo. Kama mtendaji hana kumbukumbu, pendekeza yule yule aliyeshika daftari la msiba ashike na hili. Halafu muulize diwani wenu kama vyoo hivyo vimo kwenye bajeti ya jiji ya mwaka huu. Inawezekana mnachangia kitu kilichokwishatengewa fedha.

Nililijaribu hilo nikiwa bado kazini, mtaa mmoja siutaji. Mwenyekiti alikasirika, ila alisoma. Mkutano wa pili walikuja themanini na tisa, nikawahesabu mwenyewe, na wakagombana mpaka adhana ya magharibi juu ya mifuko minne ya saruji ambayo hesabu yake haikulingana. Mwenyekiti alinipigia usiku kunilaumu kwamba nimemletea fujo. Nikamwuliza kama kuna aliyeondoka kabla ya mwisho. Akafikiri kidogo, akasema hapana, isipokuwa yule wa saruji.